Babu yangu, mwizi wa mianzi

Mpenzi msomaji, je, umewahi kumwonea haya babu yako? Mimi nimewahi, tena kwa miaka mingi, na Jumapili ya leo, huku ukinywa chai yako na watoto wakigombania ukurasa wa vibonzo, nataka nikusimulie jinsi haya hiyo ilivyonitoka. Nakuomba uwe na subira kidogo, kwani kisa chenyewe kinaanzia Kinale na kuishia kando ya mto, kwetu Kangemi, na katikati kinapitia hadi India.

Nilikuwa darasa la pili mwaka wa 1998 wakati baba, ambaye alikuwa seremala, aliporudi nyumbani mchana peupe na kuketi bila kuvua koti. Alidhani nimelala. "Mzee amefungwa," akamwambia mama. Guka, kama tulivyomwita babu, alikuwa amenaswa usiku akitoka msituni na mzigo wa mianzi mgongoni. Hakimu alimpa hiari ya kulipa faini ama kukaa jela miezi mitatu. Pesa za faini hazikupatikana, na mzee wa miaka sitini na kitu akaenda kulala sakafuni pamoja na wezi wa ng'ombe.

Ingekuwa siri yetu, lakini Kangemi haina siri. Jirani yetu mmoja naye alikuwa na jamaa Kinale, na kabla ya wiki kwisha nilikuwa nikiitwa shuleni "mjukuu wa mwizi wa mianzi". Kaka yangu, ambaye kwa desturi yetu ndiye aliyepewa jina la guka, aliyapokea hayo kwa ngumi na kurudi nyumbani na shati lililoraruka. Mimi niliyapokea kwa uongo. Mwalimu aliponiuliza, nilimwambia kuwa babu yangu amekwenda Mombasa kutibiwa macho.

Hebu nikueleze mzee huyo alikuwa nani. Kinale iko Lari, kwenye ile barabara ya kwenda Naivasha, pale ambapo abiria huanza kufunga madirisha ya basi kwa sababu ya ukungu. Juu yake kuna msitu wa Kereita na sehemu ya kusini ya milima ya Aberdare, na humo humea mianzi yetu ya asili, ambayo Wagikuyu huiita mirangi. Guka alikuwa akisuka vikapu vya kuchumia chai. Ikiwa umewahi kupita Limuru au Kericho miaka hiyo, bila shaka unawakumbuka wachumaji walivyobeba mgongoni kikapu kirefu, kipana mdomoni, kilichosukwa kwa vipande vyembamba vya mwanzi. Kilikuwa chepesi na kilipitisha hewa, kwa hivyo majani hayakupata joto na kuharibika kabla ya kufika kwenye mizani. Siku hizi wengi hutumia vikapu vya plastiki.

Wakati wa likizo tulikuwa tukipelekwa kwake, naye hutuketisha uani atufundishe. Alichana mwanzi kwa kisu kidogo kilichokwisha makali upande mmoja, akiuvuta kwa kidole gumba bila kutazama. Na alikuwa na sheria yake. Mwanzi wa mwaka wa kwanza, alisema, ni mtoto mchanga, bado una nguo zake za kuzaliwa, yaani yale maganda ya kahawia. Wa mwaka wa pili ni mtoto wa shule. Wa mwaka wa tatu na kuendelea ndio umekomaa, na huo ndio hukatwa. "Ukikata mtoto umejiibia wewe mwenyewe," alikuwa akituambia. Mimi nilikuwa nikisikiliza nusu tu, kwani akili yangu ilikuwa kwenye viazi vilivyokuwa vikiokwa jikoni kwa cucu.

Alipotoka jela hakuingia tena msituni. Alifuga mbuzi wawili, akawa anakaa kwenye kigoda nje ya nyumba akisokota majani ya kikuyu kwa vidole hadi yanakatika, kisha anaokota mengine. Alifariki mwaka wa 2011. Sikuwahi kumwuliza lolote kuhusu usiku ule, na sikuwahi kumwambia kuhusu uongo wa Mombasa. Kilichobaki ni kikapu chake kimoja cha chai, ambacho mama hutilia makaa.

Sasa tuje Kangemi. Baba, kabla hajatuacha, alijenga vyumba kumi vya mabati kwenye kipande cha ardhi kinachoteremka hadi kwenye Mto Nairobi, ng'ambo yake ikiwa Kawangware. Mama mjane huishi kwa kodi ya vyumba hivyo. Chumba cha tisa na cha kumi viko chini kabisa, hatua chache tu kutoka majini, na baba alivijenga mwisho kwa sababu wakati ule mto ulikuwa mtaro tu, mtu angeweza kuuruka. Usiku wa mwishoni mwa Aprili 2024, mvua ile iliyoua zaidi ya watu 200 nchini iliteremka kwenye mto wetu. Wapangaji wa vyumba vile viwili walitoka na watoto mabegani huku maji yakiwafika kiunoni. Kulipopambazuka choo cha chini hakikuwepo, na ukingo ulikuwa umeliwa kiasi cha hatua nne. Siku chache baadaye serikali ikaamuru watu waondoke mita 30 kutoka kwenye mito, na watu fulani wakapita na kopo la rangi nyekundu wakiacha alama kwenye kuta. Vyumba vyetu viwili vilipata alama. Vya jirani, vilivyo karibu na maji kuliko vyetu, havikupata. Usiniulize kwa nini.

Tulikutana kwa mama Jumamosi moja kuzungumzia la kufanya. Kaka alisema tungoje tu, rangi hufutika. Vyumba viwili ni shilingi elfu saba kila mwezi, na mkono mtupu haulambwi. Mimi ndiye niliyesema tuvivunje na kupanda mianzi pale ukingoni. Sijui neno hilo lilinitoka wapi. Nadhani nilikuwa nimekitazama kile kikapu cha makaa kwa muda mrefu.

Kaka alinikazia macho. "Mianzi? Katika familia hii?" Kisha akaongeza kuwa mianzi huleta nyoka na panya, na kwamba mama hawezi kulipia dawa zake za presha kwa majani. Mama hakusema kitu. Alichukua mashapo ya chai akayamwaga nje, akatuambia twende makwetu kabla giza halijaingia.

Kwa kuwa kazi yangu ni ya kuulizauliza, niliamua kuuliza. Nilipanda matatu pale steji ya barabara ya Waiyaki hadi Muguga, yalipo makao makuu ya taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI. Si mbali, lakini sikuwa nimewahi kushuka hapo hata siku moja. Na huko ndiko nilikoanza kumfahamu babu yangu, miaka mingi baada ya kumzika.

La kwanza, mwanzi si mti. Ni nyasi, wa ukoo mmoja na muwa na mahindi. Hutoka ardhini ukiwa na unene wake wote, hurefuka kwa miezi michache tu, kisha haunenepi tena hadi unakufa. Chini ya udongo mashina yake hushikana kama vidole vya watu wanaosalimiana, ndiyo maana hushika ukingo wa mto. Ukikata uliokomaa, shina haliumii. Mvua ijayo linatoa chipukizi nyingine. Bali usipokata kamwe, ile iliyozeeka huoza ikiwa imesimama, na kuibanabana michanga. Soma tena sentensi hiyo, msomaji, kisha ukumbuke sheria ya guka kuhusu mtoto mchanga na mtoto wa shule. Kumbe mzee alikuwa akitupa somo la misitu uani kwake, nasi tukingojea viazi.

La pili lilinikata maini. Katikati ya miaka ya 1980, wakati wa utawala wa Rais Moi, ilitolewa amri ya rais ya kupiga marufuku ukataji wa mianzi katika misitu ya serikali. Na kwa kuwa karibu mianzi yote ya asili ya Kenya, zaidi ya hekta laki moja katika Aberdare, Mau, Mlima Kenya, Mlima Elgon na Cherangani, imo katika misitu hiyo, amri hiyo iliifunga kazi ya wasusi kwa siku moja. Guka alikuwa na miaka hamsini hivi. Hakuwa na shamba la chai wala cheti cha shule. Kesho yake mabepari wa mashamba bado walihitaji vikapu, na wachumaji bado walivihitaji. Kilichobadilika ni kwamba yeye, aliyekuwa fundi jana, leo alikuwa mwizi. Cucu aliniambia mwaka jana, nilipomwendea na maswali yangu, kuwa kwa muda mrefu mzee alikuwa akiwaachia askari wawili watatu chochote ili apite, na kwamba usiku ule alikamatwa kwa sababu hakuwa na chochote mfukoni.

Sisemi kwamba marufuku haikuwa na sababu. Misitu ilikuwa ikiliwa kwa shoka na kwa moto, na mianzi mingi ilikuwa imeng'olewa ili kupanda misunobari na viazi. Yeyote anayekunywa maji ya mfereji Nairobi, ambayo mengi hutoka Aberdare, hana haki ya kuubeza ulinzi wa msitu. Lakini linganisha haya mawili. Mtu wa kisu na mzigo mmoja alipewa miezi mitatu. Mwaka wa 2001 serikali ilitangaza kuondoa makumi ya maelfu ya hekta kutoka katika misitu, sehemu kubwa ikiwa Mau, na sikumbuki kumwona mkubwa yeyote akilala sakafuni kwa ajili ya hayo. Samahani, nimepandisha sauti.

Nilipoendelea kusoma niligundua kuwa guka alikuwa na ndugu wengi ambao hakuwajua, nao wako India. Huko, sheria ya misitu ya mwaka wa 1927, iliyotungwa na Waingereza, iliuhesabu mwanzi kuwa mti. Kwa neno hilo moja, mwanakijiji aliyekata mwanzi na kuusafirisha bila kibali alikuwa amevunja sheria, hata kama aliupanda mwenyewe nyuma ya nyumba, ilhali viwanda vya karatasi vilipewa mianzi ya misitu ya serikali kwa bei ya kutupa. Ilichukua hadi Aprili 2011 kwa kijiji cha kwanza, Mendha Lekha katika wilaya ya Gadchiroli, jimbo la Maharashtra, kukabidhiwa haki ya kuvuna na kuuza mianzi ya msitu wao. Waziri wa mazingira wakati huo, Jairam Ramesh, alikwenda mwenyewe kuwapa wanakijiji hao wa kabila la Gond vitabu vya vibali, wawe wanavitoa wao. Na mwishoni mwa mwaka wa 2017, baada ya miaka 90, neno mianzi likafutwa katika maana ya mti, kwa ile inayopandwa nje ya misitu. Nasi tukafuata njia yetu: mwaka wa 2020 Kenya iliutangaza mwanzi kuwa zao la kilimo, kama chai na kahawa. Guka alikuwa kaburini mwaka wa tisa.

Kuhusu panya wa kaka yangu, ilinibidi nimpe haki yake. Katika jimbo la Mizoram, mashariki kabisa mwa India, kuna aina ya mwanzi unaochanua kila baada ya miaka 48 hivi, msitu mzima kwa pamoja, kisha ukafa. Mbegu zake hunenepesha panya, panya huzaana kupita kiasi, na mbegu zikiisha huvamia mashamba ya mpunga na ghala. Mwaka wa 1959 njaa hiyo ilikuwa kali, na hasira ya watu dhidi ya serikali iliyowapuuza ikaishia katika uasi wa mwaka wa 1966, uliodumu miaka 20. Mianzi ikachanua tena kati ya 2006 na 2008. Nilimpigia kaka simu nikamsomea yote hayo, nikamwambia aina hiyo haitakuwa yetu. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu tugombane. "Kwa hivyo nilikuwa kweli," akasema.

Aliyekata shauri ni mama. Oktoba 2024 aliwaita vijana wawili, wakavunja chumba cha tisa na cha kumi, mabati akayauza. Hakutuambia hadi kazi ilipokwisha. Nilipomwuliza kulikoni, alinijibu hivi: "Maitu, nilikuwa nikiwalaza watoto wa watu mahali ambapo mimi mwenyewe singelala." Huniita maitu, yaani mama, kwa sababu nina jina la cucu. Elfu saba zile zilikwenda. Mimi na kaka tunazigawana kila mwezi sasa, na si kila mwezi hazitusumbui. Karo ya mwanangu muhula uliopita ilichelewa kwa sababu hiyo, na sitaki ufikirie kuwa jambo hili lilikuwa la bure.

Miche kumi na miwili tulipanda Novemba wakati wa vuli. Mirangi ya Kinale haiwezi kustawi kwetu, kwani huzoea milima ya mita 2,400 na zaidi, ilhali Kangemi iko chini na ina joto. Tulichukua aina za Asia ambazo KEFRI imekuwa ikizijaribu humu nchini tangu miaka ya 1980, tena zile zinazokaa pamoja kwenye shina moja, si zile zinazotambaa hadi chumbani kwa mpangaji. Mbuzi wa jirani alikula miwili. Mmoja ulikauka. Huko juu Kikuyu, kwenye bwawa la Ondiri ambako mto wetu huanzia, watu wa eneo hilo nao wamepanda mianzi mahali palipokuwa na mikaratusi iliyokuwa ikinyonya maji, kwa hivyo napenda kufikiri kwamba yetu ina jamaa mwanzo wa mto. Lakini nisikudanganye: maji yenyewe bado ni meusi, na bado hubeba chupa na nepi.

Mvua za masika za 2025 ziliposhika, chipukizi zilitoka, nene kuliko miche tuliyopanda. Mpangaji wa chumba cha saba, mama mmoja kutoka upande wa Mlima Elgon, alizitazama akameza mate. Kwao, alisema, chipukizi kama hizo hukaushwa kwa moshi, zikachemshwa, kisha zikapikwa kwa karanga; ng'ambo ya mpaka, Mbale, huziita malewa na huuzwa sokoni. Akamwomba mama amkatie mbili tu. Alijua kuwa lazima zichemshwe vizuri, kwani mbichi huwa na sumu. Mama alimjibu kuwa wageni hawali watoto wa nyumba.

Halafu, majuma machache yaliyopita, mama alinipigia simu asubuhi na mapema. "Tumeibiwa mianzi," akasema. Moyo wangu ulishtuka kwa namna ambayo singeweza kumweleza mtu. Nilipofika nilimkuta ameketi kwenye kigoda, na mbele yake kijana wa miaka kumi na mitano hivi, mtoto wa mtaa wa juu, ameinamisha kichwa. Alikuwa amekata miwili usiku ili atengeneze tenga la kuku. Majirani walikuwa wamekusanyika, na mmoja alitaka apelekwe kituoni ili awe funzo kwa wenzake. Kaka naye alikuwa amekwisha kufika, amesimama mlangoni. Hakusema neno. Alikuwa akitazama mikono ya kijana yule.

Mama aliokota mwanzi mmoja, akaubonyeza kwa kidole gumba, ukabonyea. Akabandua ganda la kahawia lililokuwa bado limeushika.

"Huyu ni mtoto mchanga," akamwambia. "Hata tenga halitasimama. Kuku watalala nje."

Kijana alinyamaza. Mama akaniagiza nilete kile kikapu. Nilikimwaga makaa, nikakikung'uta, nikakiweka mbele yake, naye akamwonyesha kijana jinsi vipande vilivyopishana pale chini na kwa nini havikuvunjika miaka yote hiyo. Majirani walichoka, wakaenda zao. Kisha akamwambia arudi mwaka wa 2027, mchana, na kisu chake mwenyewe.